Uvimbe Usiouma

Jumapili iliyopita, baada ya kugawana fedha za likelemba yetu, yaani kikundi chetu cha kuchangiana fedha kwa zamu, hapa Katuba mjini Lubumbashi, mama mmoja anayetuzidi sote umri aliuliza ni nani kati yetu aliyewahi kupimwa matiti akiwa haumwi popote. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, na hakuna mkono ulioinuka. Hata neno lenyewe lilitutia haya. Wengi walijibu wakisema "kifua", kama tulivyozoea kulisitiri katika nyumba za Lubumbashi.

Swali hilo lilinikuta nikiwa ninasoma habari za wanawake Wathai waliohamia Australia na Marekani. Huko Australia upo mpango wa serikali, ulioanza mwaka 1991, ambao leo huwaalika wanawake wa miaka 50 hadi 74 wapigwe mamografia bila malipo kila baada ya miaka miwili, yaani picha ya eksirei inayoweza kuonyesha uvimbe kabla vidole havijaugundua. Hata hivyo, wapo Wathai wasiokwenda. Kiingereza huwatatiza, kuvua nguo mbele ya mgeni huwaaibisha, na wengine, kwa imani yao ya Kibuda, huuona ugonjwa kuwa matokeo ya karma, yaani ya matendo ya mtu ya zamani. Wanalo pia neno kreng jai, ile hali ya kuchelea kumsumbua mtu, ambayo humfanya mgonjwa aondoke kwa daktari bila kuuliza lililomleta. Kinachowasogeza ni daktari anayewaambia waziwazi waende, bima inayolipa, na ndugu au rafiki aliyekwisha kupimwa.

Kwangu mimi, kizuizi kikubwa kuliko vyote ni kwamba mtu haumwi. Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alikaa na uvimbe miezi minane akisema kwamba ungekuwa mbaya ungemuuma, kumbe uvimbe wa kansa ya matiti, unapoanza, mara nyingi hauumi kabisa.

Sisi hapa hatuletewi barua ya mwaliko. Mama hulipia kipimo kutoka mfukoni mwake, na unga wa bukari, yaani ugali, hutangulia. Akihitaji tiba ya mionzi, mwenye uwezo huvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Lusaka, Zambia, kwenye hospitali ya kansa iliyofunguliwa mwaka 2007. Ndiyo maana wengi huuliza kuna faida gani kutafuta ugonjwa usioweza kuulipia. Siwadharau, kwa sababu hiyo ni hesabu ya mtu anayejua bei ya vitu. Ila wanaipigia hesabu safari ya Lusaka na kuusahau uvimbe mdogo, ambao tiba yake huwa nyepesi na matumaini yake makubwa zaidi.

Yule mama alisema kwamba yeye atakwenda Alhamisi, akauliza ni nani atakayemsindikiza. Niliinua mkono, wawili wakafuata, na mweka hazina akataka kujua kama likelemba inaweza kumtanguliza katika zamu yule asiye na pesa ya kipimo.