Barua ya kupunguzwa kazi, usisaini haraka

Jamani wenzangu wa Dodoma, siku napewa barua nilitoka getini nikatembea mpaka Sabasaba bila kujua nimefikaje, bahasha nimeikunja mfukoni imelowa jasho, ndo nikampigia dada wa tawi letu la chama cha wafanyakazi. Neno lake la kwanza, "Kaka umesaini chochote?" Nikasema bado. Akaniambia usisaini, njoo na mkataba na salari slipu zote.

Wakili wa chama akaisoma taratibu, akauliza mliitwa kikao lini, mkaambiwa mnachaguliwa kwa vigezo gani? Hakuna. Kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane na chama kinachotambuliwa kabla ya kupunguza mtu, sio kugawa barua ijumaa jioni. Tukajaza fomu ya CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, na hapa wengi wanapotea maana una siku 30 tu tangu uachishwe, ukikaa nyumbani unalia zinakatika. Wakili sikumlipa hata mia, ni ile ada ya chama ya kila mwezi. Usuluhishi wetu ni wiki ijayo, tunaenda watu tisa.