Siku moja maishani mwangu: fundi pikipiki, Ngamiani, Tanga

Watu wengi wanadhani fundi pikipiki kazi yake ni kukaza nati na kupandisha bei. Miaka 11 niko kwenye kazi hii, leo naandika siku yangu muione.

Saa 12 na nusu asubuhi nafungua kibanda, namwagia maji vumbi litulie. Saa 1 mpaka saa 4 ni kubadilisha oili, kusafisha plagi, pancha mbili, chai nakunywa nimesimama.

Saa 4 na robo kaingia jamaa anayebeba samaki kutoka Sahare, cheni inalia hata hajazima pikipiki. "Fundi umeniuzia cheni feki, miezi mitatu tu!" Na anapaza sauti wateja wengine wasikie. Iliniuma sana, maana siku ile nilimwambia kabisa kaka badilisha seti nzima, cheni na sproketi zote mbili, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni mbele na nyuma, akagoma, akasema weka cheni tu.

Nikafungua kava. Sproketi ya mbele meno yamechongoka yamelala upande mmoja kama pezi la papa. Cheni nikiivuta pale nyuma ya sproketi kubwa inanyanyuka mpaka naona jino lote. Ile raba inayokaa juu ya swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma, ili cheni isiguse chuma imekwisha, cheni imeshachimba mfereji kwenye chuma chenyewe, kucha inaingia. Halafu kaikaza mwenyewe pikipiki ikiwa tupu, imevutika kama waya, sasa akipakia ndoo za samaki shokapu zinashuka cheni inazidi kukaza. Juu yake kapaka oili chafu, imeshika mchanga wa pwani, na maji ya chumvi yanaidondokea kila siku. Oili chafu na mchanga ni msasa jamani!

Namweleza, anabisha. Ikabidi nimsikilizishe voisi ya binamu yangu aliyeko Kanada, anatengeneza pikipiki za theluji. Zile hazina tairi, zina mkanda mpana wa raba unaozunguka, na kwa ndani unateleza juu ya plastiki ndefu mbili. Theluji ndiyo inalainisha na kupoza zile plastiki, ikiwa haba mtu akakimbiza kwenye barafu ngumu au kokoto zinapata moto mpaka zinayeyuka, halafu mteja anakuja kulaumu spea. Binamu anasema kabla hajabadilisha chochote anaangalia kwanza mkanda umekazwaje na umenyooka au umevutia upande. Na mimi ndo hivyohivyo, kwanza natafuta kilichoila.

Jamaa kanyamaza, kaenda kutafuta hela.

Karudi saa 8, jua kali, nati ya ekseli imeganda kwa kutu ya chumvi, nikaipiga mafuta ya taa, nikasubiri, nikaigonga, spana ikateleza ikanichuna vidole, hapo hata saa sikuangalia tena, wengine wanne wanasubiri wananuna. Ilipotoka nikafunga seti na raba mpya, nikamwambia apande akae juu ndo nikapima, nikaacha cheni icheze kama sentimita 2 na nusu. Nikamwonyesha kuiosha kwa mafuta ya taa na brashi, kuifuta ikauke, ndo apake oili ya giaboksi, na ndoo atandike nailoni chini.

Magharibi inaadhiniwa ndo anaondoka. "Ahsante fundi, nisamehe kwa asubuhi." Nikasimama nasikiliza mpaka akakata kona, cheni hailii. Hela ya raba ataleta Ijumaa.