Makasha ya Kujitengenezea Ndani ya Mashua Ndogo ya Uvuvi

Mashua ndogo ya uvuvi huuzwa ikiwa na mbao mbili tatu za kukalia na nafasi tupu kati yake, kana kwamba mvuvi huenda majini mikono mitupu. Ukweli ni kwamba humo ndani patawekwa nanga na kamba yake, tangi la mafuta, betri, mishipi, ndoana, chambo, maji ya kunywa, upo wa kutolea maji yaliyoingia mashuani na, Mungu akijalia, samaki wenyewe. Vitu hivyo vikiachwa sakafuni huteleza kila wimbi linapopiga ubavuni, na mtu anayevuta samaki huku kamba imemzonga miguuni yumo hatarini. Ndiyo maana niliamua kuitengenezea mashua yangu makasha kwa mikono yangu mwenyewe, na kazi hiyo imenithibitishia kwamba jambo la kuamuliwa kabla ya kushika msumeno ni mahali kasha litakapokaa.

Uzito ndio unaotawala uamuzi huo. Betri ya madini ya risasi ya volti 12 inaweza kuzidi kilo 20, lita 20 za petroli zina takriban kilo 15, na kila lita ya maji ni kilo moja. Mzigo huo ukirundikwa tezini, yaani nyuma, ambako tayari injini na nahodha wamekaa, omo, yaani mbele ya mashua, huinuka na maji hukaribia kuingia kwa nyuma. Ukiwekwa juu, mashua huyumba kwa urahisi zaidi. Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani chini katikati ya mashua maji yanapokusanyika, nami nimeufuata usemi huo kwa maana yake ya wazi kabisa: vizito vyote viko chini, karibu na katikati. Betri nimeiweka chini ya ubao wa kati, ingawa hilo lilidai waya mrefu zaidi, na waya ukirefuka sharti uwe mnene zaidi ili umeme usipotee njiani. Fyuzi hukaa karibu kabisa na betri.

Kasha lenyewe ni la plaiwudi ya baharini yenye unene wa milimita 12. Plaiwudi haianzi kuoza usoni. Maji hupenya kwenye kingo na kwenye matundu ya skrubu, mahali ambapo nyuzi za mti zimekatwa na ziko wazi. Kwa hiyo kingo nilizipaka epoksi nyepesi, gundi ya kuchanganya inayokauka na kuwa ngumu, nikaiacha inywewe, kisha nikarudia hadi mti ulipokataa kunywa tena. Kila tundu la skrubu nililitoboa kubwa kupita kipimo, nikalijaza epoksi, na ilipokauka nikatoboa tena katikati yake tundu la kipimo halisi, hivyo skrubu haigusi mti hata kidogo. Kazi hii inachosha, lakini siioni njia ya mkato inayofaa kwa mbao zitakazolowa kila siku. Skrubu na bawaba ni za chuma cha pua daraja la 316, ambacho kina metali iitwayo molibdenamu na hustahimili chumvi kuliko daraja la 304.

Hata hivyo, maji yataingia tu. Nimeliinua kasha juu ya vipande viwili vya ubao ili maji yapite chini yake kuelekea ngamani, na kila pembe ya sakafu yake ina tundu la kutolea maji. Kifuniko kina ukingo unaoshuka nje ya kuta, na komeo lake hufungika kwa mkono mmoja, kwa kuwa mara nyingi mkono wa pili una kazi nyingine.

Betri na petroli havikai kasha moja. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi nyepesi inayopanda juu, na kwa hiyo tundu lake la hewa linapaswa kuwa karibu na kifuniko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini na kusubiri cheche. Tangi langu liko nje ya makasha, mahali penye hewa, limefungwa kwa mkanda. Majaketi ya kuokolea hayamo kasha lolote, kwa sababu yanapaswa kuwa mwilini.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila anayetamani nafasi zaidi: povu gumu lililojazwa chini ya mbao za kukalia lisiondolewe. Ndilo linaloiwezesha mashua kuelea ikijaa maji, na hakuna kasha lenye thamani ya kulipa badala yake. Vilevile skrubu isipenye ngozi ya mashua, yaani ukuta wake unaogusa maji. Vishikilio vya mbao hugandishwa ndani kwa epoksi na kitambaa cha faibaglasi (nyuzi za kioo), na kasha hufungwa kwenye vishikilio hivyo.

Kwa fimbo za kuvulia, vipande vya bomba la plastiki vilivyofungwa ubavuni vinatosha.

Kabla ya kukaza skrubu za mwisho, ipakieni mashua vitu vyote, watu wakae mahali pao kwenye maji matulivu, kisha mtu mwingine aitazame kutoka ufukweni. Ikilalia upande mmoja au tezi ikizama mno, kasha lisogezwe sasa, wakati bado linasogezeka.