Dani na msamaha wa Rais

Jumapili, 6 Mei 2018

Tangu Jumatano usiku kuna maneno yamenikaa moyoni. Nikifua yapo, nikiwa kwenye matatu yapo, hata kanisani leo asubuhi nilikuwa nayo.

Dani, mavyaa wangu kutoka Kisumu, bado yuko kwetu Mikindani, Mombasa. Jicho la pili limetolewa mtoto wa jicho na sasa anachambua mchele bila kumwita mjukuu. Shule zimefunguliwa, mkubwa wetu amerudi bwenini na karo nusu, mvua imefurika Tana River na kuhamisha watu, na yote hayo yamepita kama ya jirani. Lililobaki ni la jikoni kwangu.

Nilikuwa nimerudi kazini jioni, redio imewashwa. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amehutubia Bunge siku hiyo, akasema kama kuna jambo alilolitamka mwaka jana likawaumiza watu au kudhuru umoja wa nchi, anaomba asamehewe. Mimi nilifurahi, sikufichi. Nikaingia jikoni nikamwambia mavyaa wangu:

"Mama, umesikia? Uhuru ameomba msamaha."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo wa omena mapajani, anatoa vijiwe na vipande vya kombe. Hakuinua kichwa.

"Amemwomba nani?"

"Sisi. Wakenya wote."

"Mimi sijasikia mtu akibisha hodi."

Nikadhani yameishia hapo. Akapeta, akapuliza maganda, akaongeza: "Nyinyi watu wa Pwani mnasahau upesi."

Ni hilo la mwisho. Kama angesema nyinyi vijana, ningecheka. Kama angesema nyinyi mnaofanya kazi bandarini, ningemwelewa. Lakini miaka yote hii nimekuwa mkaza mwana wake, watoto wangu wanamwita Dani, mimi ndiye niliyemshika mkono kuingia chumba cha upasuaji, halafu kwa sentensi moja nikahamishiwa upande wa pili wa ukuta. Nimeirudia ile sauti yake mara nyingi nikitafuta kama ilikuwa na hasira. Haikuwa nayo. Aliisema kama mtu anayesema mvua itanyesha, na nadhani ndiyo maana iliniuma zaidi.

Alhamisi usingizi ulikatika alfajiri nikaanza kumjibu kichwani. Nani amesahau? Mimi nakumbuka tarehe 1 Septemba mwaka jana, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi. Rais alitokea kwenye runinga akasema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu, nami nikamheshimu kwa hilo. Siku hiyo hiyo akaenda soko la Burma, Nairobi, akawaita majaji wakora. Nakumbuka marudio ya tarehe 26 Oktoba, akapata asilimia 98 ya kura kwa sababu mpinzani wake Raila Odinga alikuwa amejitoa, na Kisumu, Siaya, Homa Bay na sehemu kubwa ya Migori hazikupiga kura. Nakumbuka akiapishwa Kasarani tarehe 28 Novemba akiahidi kuunganisha nchi, na saa zile zile vitoa machozi vikifyatuliwa Embakasi kuzuia mkutano wa upinzani.

Na namkumbuka Mtoto Pendo. Miezi sita, amepigwa rungu kichwani ndani ya nyumba yao Nyalenda usiku polisi walipoingia mtaani, akafa siku chache baadaye. Uchunguzi wa kifo chake bado haujaisha. Usiku kama ule Dani alikuwa kwa shemeji yangu, Kisumu hiyo hiyo, amelaza wajukuu sakafuni na kuwafunika nyuso kwa leso zilizoloweshwa maji kwa sababu moshi ulikuwa unapita chini ya mlango. Alinisimulia kwa simu, akikohoa.

Rais aliomba radhi kwa maneno yake. Kuhusu virungu na risasi hakuomba, na sitaki kujifanya sikuliona hilo pengo.

Kwa nini basi nilifurahi? Kwa sababu nimechoka. Ofisini kwetu, tangu ile salamu ya mkono ya Rais na Raila tarehe 9 Machi pale Harambee House, watu wameanza tena kula pamoja chakula cha mchana. Mwaka jana kulikuwa na meza mbili, kila mtu anajua meza yake kwa jina lake la pili, na mimi mwenye jina la ukoo wa mume wangu na sura ya kwetu nilikuwa nakula nimesimama. Kiongozi akisema nisameheni, hata nusu nusu, watu wa chini wanapata ruhusa ya kusemezana. Hilo si dogo. Siwezi kulidharau hata Dani akinikasirikia.

Ila nikitaka kumpima mtu anayeahidi, naangalia aliyoyaahidi kwanza. Zawadi tumepata, lazima niseme. Huduma ya kujifungua bila malipo ilianza mwaka 2013 na kitinda mimba wangu alizaliwa bila sisi kutoa shilingi, kisha ukaja mgomo wa madaktari wa siku 100 na wa wauguzi uliofuata, na jirani yangu akajifungulia sakafuni. Reli imekuja, nzuri, safi, na tangu mapema mwaka huu inabeba makontena, na lori la baba watoto linalala Miritini wiki nzima likingoja mzigo. Mtu anaweza kuhesabu hivyo mpaka asubuhi.

Ninaloona mimi ndilo la kupimia ni la Machi 2015. Wengi wamelisahau. Bungeni hapo hapo, Rais huyu huyu aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa dhuluma zote za nyuma, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 ya kuwafuta machozi walioumizwa, itolewe kwa miaka mitatu. Nilipiga makofi siku ile pia. Miaka mitatu imekwisha mwezi wa tatu uliopita. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, aliyokabidhiwa mwenyewe Mei 2013, Bunge bado halijaipitisha, na waathiriwa hawajaonja hata senti ya zile bilioni. Kwa hiyo huu wa juzi ni msamaha wa pili, na wa kwanza bado una deni. Hivyo ndivyo ningemjibu Dani: mama, sijasahau, ninazo tarehe zote.

Ijumaa stima ikapotea. Tukatoa mkeka kibarazani kwa sababu ya joto, watoto wakalala, nikaona bora nimuulize. "Mama, juzi ulisema hujasikia mtu akibisha hodi. Ulikuwa unamaanisha nini?"

Akanyamaza mpaka nikajuta kuuliza. Kisha akaanza na Likoni.

Nilijua waliwahi kuishi Likoni, marehemu mzee alipokuwa bandarini. Sikujua waliondokaje. Agosti 1997, wakati wa ghasia zile zilizoanza kwa kuvamiwa kituo cha polisi cha Likoni, vikaratasi vilitupwa mlangoni kwao: watu wa bara wahame. Zaidi ya watu 100 waliuawa Pwani miezi ile na maelfu wakafurushwa. Baba watoto alikuwa mvulana wa shule ya msingi. Walikimbilia uwanja wa kanisa na nguo za mwilini, wakalala chini ya turubai pamoja na familia nyingi.

Siku moja mama mmoja wa Kidigo, mwenyeji wa Pwani na jirani wa ukuta kwa ukuta, akaja na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na cherehani ya Dani, sufuria mbili na bahasha ya vyeti vya watoto. Turubai halina mlango, lakini yule mama alisimama nje akapiga hodi, akangoja aitikiwe. Akasema: nimekuja kukupa pole na kukuletea vitu vyako, vingine vimechukuliwa, sikuweza kuvizuia.

"Hakuua mtu yule," Dani akaniambia. "Lakini alikuja. Serikali haikuja. Tume ikaundwa, ikaandika, haikuja."

Cherehani hiyo ndiyo iliyomsomesha mume wangu. Ipo Kisumu, nimeshona juu yake pazia za harusi yetu.

Sijui niandike nini hapa. Ule mchomo wa Jumatano umetoka, nimelala vizuri kwa mara ya kwanza. Nilimuuliza kama anamkumbuka jina, akalitaja la kwanza na la mumewe papo hapo, kisha akasema jambo ambalo limenifurahisha mpaka sasa: anataka kuvuka feri akamtafute kabla hajarudi kwao. Jumamosi ijayo, mvua ikiruhusu. Amenituma nimnunulie leso nzuri ya doti, yenye jina la shukrani, na ameshaanza kukausha omena ya kumpelekea. Baba watoto anasema mtaa ule umejengwa wote, hatutapajua. Dani anasema atauliza.

Ninalohangaika nalo usiku huu ni mama yangu mzazi kule Kisauni. Chikungunya ilimshika Januari, homa ikaisha lakini viungo havijapoa. Leo kanipigia akasema ameshindwa kufungua kifuniko cha chupa ya chai, akangoja mtoto wa jirani atoke madrasa. Kaka anaingia zamu ya usiku kuanzia kesho, na pipa la maji liko nje, ngazi mbili chini. Kumhamishia huku hataki, na chumba ni kile cha Dani. Sijajua nani atamtekea.