Ninyi tumeni pesa tu

Leo Alhamisi na maneno ya Jumamosi bado hayajanitoka kichwani. Nimerudi kutoka zamu ya usiku, na badala ya kulala nimekaa kuandika.

Mliokuwa kwenye sherehe yetu Wakenya ya Jamhuri hapa Minneapolis mliuona ukumbi ulivyopendeza: vitenge, shanga, pilau ya akina mama wa kamati. Mgeni wa heshima kutoka nyumbani alisifu demokrasia yetu ilivyokomaa, tukampigia makofi. Wakati wa maswali ulipofika, nikasimama.

"Mheshimiwa, mwaka 2022 Marekani nzima tulipigia kura Washington, New York na Los Angeles tu. Je, 2027 sisi wa huku tutafikiriwa?"

Akatabasamu. "Dada yangu, ninyi tumeni pesa tu. Kura tuachieni sisi tulio nyumbani."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, najua, lakini walicheka, na kipaza sauti kikaenda meza nyingine.

Tangu hapo kazi yangu ni kumjibu. Nikimgeuza mgonjwa kitandani, namjibu. Nikiosha vyombo, namjibu. Namwambia ibara ya 82 ya Katiba ya 2010 inataka Wakenya walio nje waandikishwe hatua kwa hatua, wapate haki yao ya kupiga kura. Namwambia mimi na Ben tulipanda ndege hadi Washington kujiandikisha, tukapanda tena siku ya kura. Nikapewa karatasi moja, ya urais. Mama kule nyumbani Shinyalu alipewa tano, na ya sita, ya ugavana, wiki chache baadaye. Walioandikishwa ng'ambo kote walikuwa 10,000 na kidogo. Nani ana nauli hiyo? Na hizo pesa anazozitaja zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024, zaidi ya zinazoletwa na chai yetu. Zikifika, hakuna anayelalamika kwamba zimetoka mbali.

Ben ameapishwa uraia wa Marekani jana (wa Kenya anabaki nao, shukrani kwa Katiba hiyohiyo) na Nekesa amepata chuo. Hayo nitayaandika siku nyingine.

Kuna mzee tuliyekaa naye meza moja, wengi mnamfahamu. Nilipoketi aliniinamia akaniambia, mwanangu, usivunjike moyo. Tarehe 7 Julai 1990 alikuwa uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wakadai vyama vingi, wakatawanywa kwa virungu na mabomu ya machozi. Desemba mwaka uliofuata sheria ya chama kimoja ikafutwa. Akaniuliza kama barua ya kudai kura zetu kwa tume ya uchaguzi imeshaandikwa. Rasimu ninayo, Jumapili baada ya ibada tutaikamilisha, na kila mwenye kitambulisho cha Kenya aje kuweka sahihi.

Kisha ngoma yetu ya isukuti ikalia. Mnajua UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na Jumamosi waliokuwa wakiipiga ni watoto wetu waliozaliwa hukuhuku! Mzee aliegemeza mkongojo kwenye kiti, akaingia katikati yao, mabega yakaanza kuruka. Nilicheza hadi kilemba kikanifunguka, nikaona fahari ambayo hakuna jibu la mgeni lingeweza kuipunguza.

Ila Mama hapokei simu tangu juzi. Jumanne alikuwa na kliniki ya presha, na dada anasema labda ni mtandao tu. Mtandao gani wa siku mbili? Ngoja nimjaribu jirani kabla kule hakujawa usiku.