Nilivyompata chozi na rangi zake, si kivuli cheusi

Kila aliyeona picha zangu za mwanzo za chozi, ndege mdogo anayekunywa utamu wa maua, alinipa ushauri uleule: nunua lenzi kubwa. Ushauri huo umewala watu fedha bure. Chozi wa huku Moshi, Kilimanjaro, yule dume wa mkia mrefu anayeitwa kisayansi Nectarinia kilimensis, hatoki mweusi kwa sababu lenzi ni ndogo. Anatoka mweusi kwa sababu mpigaji amesimama upande usiofaa wa jua.

Mng'ao wake si rangi iliyopakwa kama ya kitenge. Ndani ya unyoya mna tabaka nyembamba ajabu zinazorudisha mwanga kwa pembe fulani, na ukiwa nje ya pembe hiyo unaambulia giza. Nina picha tatu za ndani ya sekunde moja: ya kwanza kichwa ni cheusi kama mkaa, ya pili kimekuwa kijani, ya tatu dhahabu imeshuka mpaka shingoni. Ndege ni yuleyule na tawi ni lilelile, kageuza shingo tu.

Asubuhi nne zilipotea nikipiga kuelekea mashariki. Kumwongezea mwanga kwenye kompyuta kulileta kijivu kilichojaa chenga, yaani vidoadoa. Flashi ikaweka doa jeupe kifuani. Nikaambiwa nipige saa sita mchana, mwanga ni mwingi. Kweli ni mwingi, ila wote unatua mgongoni, na uso unabaki gizani.

Kilichomaliza shida ni kivuli changu mwenyewe. Saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado chini, nasimama hadi kivuli kilenge ua la mgomba moja kwa moja. Nikisogea hatua mbili pembeni, dhahabu inaanza kufifia. Ikifika saa tatu kivuli kimeshafupika, nafunga begi.

Ua lenyewe liwe usawa wa macho, na gamba lake la zambarau liwe limejikunja asubuhi hiyohiyo. Vijiua vilivyofunuliwa chini yake ndivyo vyenye utamu mbichi, na chozi anavijua. Jani likiziba jua usilikate, lirudishe nyuma ulifunge kwa kamba ya mgomba. Kihamba, yaani shamba la migomba, kina mwenyewe.

Sasa, chozi akinywa huzamisha kichwa ndani ya ua, ukabaki na picha ya mkia. Nikafunga kijiti kikavu, unene wa penseli, kwenye ufito mrefu, nikausimika ili kijiti kiwe nusu mita kutoka kwenye ua, kimo kilekile, mahali penye jua. Siku ya kwanza hakukigusa. Siku ya pili dume, ambaye hulinda ua lake na kuwafukuza wenzake, alikifanya kituo: anatua, anaangaza huku na huku, ndipo anakwenda kunywa. Akirudi ni palepale. Pale anapoangaza ndipo shingo inapogeuka, na rangi zote zinapita mbele yako.

Lenzi yangu ni ya milimita 55–250, ya mtumba, nilitoa laki tatu na kitu. Kwenye kamera ya APS-C, yaani yenye kihisi cha ukubwa wa kati, nikivuta hadi 250 kutoka mita 4, fremu inabeba kama sentimita 36 kwa upana. Chozi na mkia wake anaenea bila kubanwa. Fokasi, yaani mahali lenzi inapolenga ukali, naifunga kwenye kijiti mapema, maana ikiachwa ijitafutie hukimbilia majani ya nyuma. Kwa f/5.6, ukubwa wa tundu la lenzi, sehemu iliyo kali ina kina cha sentimita 5 hivi, kwa hiyo kijiti kikae kwa kukingama mbele ya kamera. Kikielekea kwako, jicho litakuwa kali na mkia utakuwa ukungu.

Shata, muda wa kuingiza mwanga, ni 1/1000 ya sekunde; ISO, wepesi wa kamera kupokea mwanga, ni 800 mwanzoni, kisha 400 jua likishika. Namba zote naziweka kwa mkono. Kamera ikiachiwa huona giza la migomba nyuma, ikazidisha mwanga, na ile dhahabu inaungua ikawa nyeupe. Iliyoungua hairudishwi na programu yoyote.

Mawingu yakitanda, mwache dume, mfuate jike. Hana mng'ao wa kupoteza, na michirizi ya tumbo lake la manjano hutoka vizuri zaidi kwenye mwanga mpole kuliko kwenye jua kali.