Kinyonga wa Isecheno

Bodaboda kutoka Shinyalu mpaka Isecheno, ndani ya msitu wa Kakamega, tulipatana shilingi 200. Tulipofika penye tope, kijana akasema ni 300. Nikalipa, maana nani atabishana kando ya msitu, mvua ya Kakamega inamwagika na giza linaingia? Nyumba ya wageni nayo ilinitoza bei ya hoteli ya mjini, na maji ya moto yalikuwa hadithi tu. Mrenda wao lakini, siusemi vibaya.

Nilimfuata kinyonga mmoja: yule mdogo mwenye kimkia kifupi, anayefanana na jani kavu. Mzee aliyenitembeza alikataa tutoke mchana. "Usiku akilala hupauka," alisema. "Tochi ikimpiga, unamwona." Tukazunguka weee, gambuti zangu za kuazima zikijaa maji, hata nikaanza kupiga hesabu ya pesa zangu. Kisha mzee akasimama. Kwenye kijiti, usawa wa goti, alilala kiumbe asiyezidi kidole changu. Niliishiwa maneno.

"Huyu yuko Kenya peke yake?"

"Aa, huyu yuko Uganda, yuko Rwanda, yuko Kongo. Msitu huu ni kipande cha mwisho cha ule wa Kongo, upande wa mashariki. Ulikatika zamani, na wanyama wake wakabaki huku." Akanigeukia. "Kwani dada unatoka wapi?"

"Wundanyi, Taita."

Mzee alicheka mpaka nikahofia atamwamsha kinyonga. "Sasa wa Kenya peke yake si umemwacha kwenu!"

Akanieleza palepale, mvua ikitudondokea kutoka majanini. Huyo wa Taita kitaalamu anaitwa Kinyongia boehmei, na dume lake lina vipembe viwili puani. Wa Kilimanjaro na Upare ana vipembe kama hivyo, na huyu wetu alipoelezwa na wataalamu mwaka 2002 alihesabiwa kuwa tawi la huyo, ila baadaye akatambuliwa kuwa jamii yake mwenyewe. Haishi popote ila Milima ya Taita.

Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya godoro peke yake. Niliuwaza msitu wa Ngangao kule Taita, ule wa ukungu unaopanda kutoka baharini. Kwetu msitu umebaki vipande juu ya vilele, katikati ni mashamba ya mahindi, na penginepo misonobari na mikaratusi iliyopandwa. Kinyonga wa msitu wa Mbololo atavukaje aende Ngangao? Kakamega angalau mtu hutembea saa nzima chini ya miti.

Asubuhi nikampigia mama.

"Umetoka Taita mpaka Uluhyani," akasema, "umelipa pesa uonyeshwe kinyonga? Wale mliokuwa mkiwakimbia mkienda kuokota kuni?"

Nikamuuliza kama walikuwa na pembe.

"Nani alisimama kuangalia?"